Sandwichi ya Bekoni Newala

Ukitaja chakula cha Newala, watu wanasema muhogo na korosho. Sawa, ila asili ya vyote viwili ni Amerika Kusini, na Wareno ndio waliotuletea. Nyanya nayo imetoka huko huko. Basi anayeniambia sandwichi ya bekoni, saladi na nyanya ni mambo ya Wazungu, namuuliza: tuanze kumfukuza mgeni yupi?

Ngano ndiyo ngeni kweli. Huku juu kwa Wamakonde hatuilimi. Unga unapanda na lori.

Nguruwe ana historia nzito zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watumwa walioachiwa huru, Uanglikana ukaota mizizi. Uislamu nao ukaenea kutoka pwani. Matokeo yake ni ukoo mmoja, dini mbili. Aprili 1993, Dar es Salaam, bucha za nguruwe zilivunjwa kwa hasira. Nyumbani kwetu shangazi ni Mwislamu, kwa hiyo kitimoto ina kikaango chake na jiko lake la mkaa, uani.

Bekoni ikatwe nyembamba, iwekwe kwenye kikaango kikiwa bado baridi, moto mdogo, ijikaange kwa mafuta yake. Mkate uchomwe humo humo. Nyanya iive hasa, inyunyiziwe chumvi. Saladi ikung'utwe maji. Mayonezi siitaki: napaka korosho zilizotwangwa na ndimu.

Shangazi namtengenezea ya yai, jikoni kwake. Anaila huku akiuliza kwa nini ya uani inanukia zaidi.