Ufunguo wa umma wa mkunjo wa eliptiki (miundo)

Miundo ya ufunguo wa umma wa mkunjo wa eliptiki ni kanuni za kuuandika ufunguo huo kwa baiti ili programu tofauti ziusome kwa namna moja. Ufunguo wenyewe ni nukta kwenye mkunjo, yenye viwianishi x na y. Mikunjo ya eliptiki ilipendekezwa kwa usimbaji fiche mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake.

Kwa mkunjo wa P-256, muundo kamili wa kiwango cha SEC 1 una baiti 65: 04, kisha 32 za x na 32 za y. Uliobanwa una 33: x hutanguliwa na 02 ikiwa y ni shufwa, au 03 ikiwa witiri, nayo y hukokotolewa kutoka kwenye mlinganyo wa mkunjo. Muundo wa kiwango cha X.509 huongeza kitambulisho cha mkunjo, na ukiwa na nukta kamili hufikia baiti 91. Muundo wa PEM huziandika baiti hizo kwa herufi za Base64. Muundo wa JWK huweka x na y kila kimoja peke yake ndani ya JSON.

Makosa ya kawaida ni kudondosha sifuri za mwanzo za x au y na kutohakiki kwamba nukta imo kwenye mkunjo. Kosa la pili laweza kufichua ufunguo wa siri.