Kanda Iliyopita Mikono Mingi

Hapa Eldoret, mji ambao wazee waliuita Sisibo kwa ajili ya shamba nambari 64, kanda ya kwaya haikukaa nyumba moja. Kampuni ya Philips ilitoa kaseti mwaka 1963. Zilipotufikia, jirani aliazima, akanakili, akampa shemeji. Sauti ilififia, lakini tulifurahi mno!

Mimi nilinunua kanda moja ya kwaya yetu, nikawanakilia rafiki saba. Kisha nikasoma habari za vijana wa Fisk, wengi wao waliozaliwa utumwani. Mwaka 1871 walitoka Nashville, Marekani, wakaimba, aghalabu bila ala, ili kuiokoa shule yao iliyolemewa na madeni.

Kwaya yetu nayo ilirekodi ili ipate mabati ya kanisa. Jumapili iliyofuata nilimpelekea mweka hazina bei ya kanda saba.