Safu Inayojengwa Mbeya, Inayobomolewa Dar

Jumapili ya tarehe 13 Aprili 2014, Azam walipanda Mbeya wakijua kwamba wakishinda, ubingwa wa Ligi Kuu ni wao. Uwanja wa Sokoine ulijaa zambarau, rangi ya wenyeji. Gaudence Mwaikimba akawatanguliza wageni, Mwagane Yeya akasawazisha na uwanja ukalipuka, kisha John Bocco akafunga la pili na kuzima sherehe. Azam 2, Mbeya City 1. Klabu ya Chamazi ikatwaa taji lake la kwanza, na ikamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Mwaikimba, kwa wasiojua, ni jina la Kinyakyusa. Ukilitaja barabarani kati ya Uyole na Kyela utaulizwa unamtafuta Mwaikimba yupi. Kwa hiyo hata bao lililoanza kuiumiza Mbeya siku ile lilifungwa na mtu mwenye jina la kwao, akiwa amevaa jezi ya Dar es Salaam. Mashabiki wa Nyanda za Juu Kusini wameizoea hali hiyo kwa miaka mingi.

Mbeya City waliofungwa siku ile walikuwa wageni kabisa wa Ligi Kuu. Walipanda daraja 2013 pamoja na Ashanti United ya Dar es Salaam na Rhino Rangers ya Tabora. Mwisho wa msimu Ashanti na Rhino walirudi walikotoka. Mbeya City walimaliza nafasi ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba, katika ligi ya timu 14. Klabu ilimilikiwa na Halmashauri ya Jiji, na madiwani walijadili matumizi ya timu kwenye kikao kilekile kinachojadili mitaro na ushuru wa masoko. Kocha alikuwa Juma Mwambusi. Hakuwa na straika wa kigeni wala fedha ya kumleta.

Alichokuwa nacho ni watu waliozoeana. Mwagane Yeya alikuwa katikati, mtu wa kumalizia. Paul Nonga alikuwa wa kazi ngumu: kugombana na mabeki na kukimbilia mipira ambayo wengine wameshaikatia tamaa. Pembeni alikuwepo Deus Kaseke, winga mwenye kasi ambaye hakuridhika kukaa kwenye chaki. Mara kwa mara aliingia ndani na kumwachia beki wake wa pembeni njia ya kupanda. Nyuma yao Peter Mwalyanzi na Steven Mazanda waliupeleka mpira mbele. Ukiwasikiliza watu waliokaa jukwaani msimu ule, hawataji nyota mmoja. Wanataja majina matatu au manne kwa pumzi moja, kama wimbo wa shule, na hiyo ndiyo dalili ya safu iliyojengwa ikajengeka.

Safu ya ushambuliaji hujengwaje mahali kama hapa? Jibu linaanzia kwenye ardhi na hewa. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko wa Iringa hauko mbali na huo. Hewa ni nyepesi, mpira mrefu unasafiri haraka kuliko Dar, na mchezaji aliyetoka pwani juzi huanza kuhema mapema kipindi cha pili. Novemba mvua huanza, na kufika Machi viwanja vingi vya mkoani vimekuwa vizito. Pasi fupi fupi zinazopendeza kwenye nyasi za Dar zinanasa kwenye tope. Ndiyo maana makocha wengi wa huku wamependa umbo lilelile: mtu mmoja mwenye mwili katikati wa kuushikilia mpira, wawili wenye mapafu pembeni, na krosi nyingi. Mashabiki wa Kariakoo, wa Simba na Yanga, huuita mpira wa nguvu, kwa dharau kidogo. Waje wacheze Sokoine mwezi Machi, halafu waseme tena.

Watu wenyewe hutoka mtaani. Mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa msingi na UMISETA kwa sekondari, huchuja wachache. Wengi zaidi hutoka kwenye ndondo, zile ligi za mitaa ambazo zawadi yake ikiwa nono ni mbuzi na jezi seti moja. Soweto, Mwanjelwa, Ilomba na Iyunga za Mbeya zimelea wachezaji wa namna hiyo kwa vizazi. Kijana aliyeshusha lumbesa za viazi sokoni asubuhi, jioni anavaa namba tisa. Kwenye ndondo hakuna mwamuzi wa kumlinda, beki anakuja na buti lake lote. Straika anajifunza mapema kupokea mpira akiwa amempa mgongo beki, kuulaza chini, na kuutoa kabla buti halijafika. Akishindwa, wiki inayofuata namba tisa ni ya mwingine. Chuo cha mpira hakifundishi somo hilo kwa ukali huo.

Historia ya kujenga timu kwa namna hii ina kilele chake, nacho ni Tukuyu Stars. Timu ya mji mdogo wa Rungwe, kwenye mvua nyingi, chai na migomba, ilipanda Ligi Kuu na mwaka 1986, katika msimu wake wa kwanza, ikatwaa ubingwa wa Bara. Kabla ya hapo taji hilo lilikuwa limekaa Dar es Salaam karibu muda wote tangu ligi ianze 1965. Mseto ya Morogoro iliwahi kulichukua 1975, na ikabaki kutajwa kama ajabu. Tukuyu walifanya ajabu kubwa zaidi, maana Morogoro angalau iko jirani na Dar. Timu iliyotaka kucheza na Tukuyu ilipaswa kukaa barabarani kilomita zaidi ya 800, enzi ambazo basi likiharibika Kitonga mnalala Kitonga.

Lakini ubingwa ule haukuzaa mwingine. Wachezaji wake walianza kuonekana wakiwa na jezi za Kariakoo, mmoja baada ya mwingine. Anayekumbukwa zaidi kati ya waliopita Tukuyu ni Sekilojo Chambua, kiungo mshambuliaji aliyekwenda Yanga, akaitumikia kwa miaka mingi na kuwa miongoni mwa majina makubwa ya klabu hiyo. Vijana wa Dar waliomshangilia miaka ya 1990 wengi wao walidhani alizaliwa Jangwani, nyumbani kwa Yanga. Tukuyu Stars yenyewe ilibaki jina la kutajwa kwenye vijiwe.

Zamani kulikuwa na kizuizi kimoja cha kuhama: ajira. Katika miaka ya mashirika ya umma mchezaji hodari alipewa kazi, na kazi ilimshika. Mecco, kampuni ya ujenzi, ilikuwa na timu yake Mbeya iliyocheza ligi ya juu. Mchezaji alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara hata goti likikataa. Mashirika yalipoanza kuyumba na kubinafsishwa, timu zake zilikwenda nayo. Aliyebaki na mfumo huo Mbeya ni Tanzania Prisons. Askari magereza anayecheza namba tisa hana haraka ya kusaini popote, kwani cheo na pensheni haviishii kwenye mkataba wa miaka miwili. Ndiyo maana Jeremiah Juma aliweza kuongoza ushambuliaji wa Prisons kwa misimu mingi kiasi cha mashabiki kumwona kama sehemu ya uwanja. Prisons hawajawahi kusifiwa kwa mabao mengi. Wanasifiwa kwa uvumilivu, na hilo lina thamani yake.

Mbeya City hawakuwa na kizuizi hicho. Baada ya ile nafasi ya tatu walialikwa Sudan, Mei 2014, kwenye mashindano ya CECAFA ya Nile Basin. Msimu uliofuata walijitahidi tena. Kisha ukaja 2015. Kaseke akaenda Yanga. Mwalyanzi akaenda Simba. Nonga akaenda Mwadui ya Shinyanga, na kabla mwaka haujaisha akawa naye Yanga. Mwaka huohuo Mwambusi mwenyewe akaitwa Jangwani kuwa msaidizi wa kocha Hans van der Pluijm. Sehemu kubwa ya safu, pamoja na aliyeijenga, ilimalizika ndani ya miezi kumi na miwili. Hakuna wa kulaumiwa kati ya wachezaji: mtu mwenye miaka ishirini na mitano akipewa mshahara mkubwa mara kadhaa na nafasi ya kucheza Afrika, atakataa kwa sababu ipi? Tatizo liko kwa klabu iliyouza paa bila kuwa imechimba msingi wa nyumba ya pili. Timu ya vijana yenye washambuliaji waliokwisha kuandaliwa kushika nafasi zile haikuwepo kwa kiwango kilichohitajika. Mbeya City waliendelea kuishi katikati na chini ya msimamo hadi 2023, walipofungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo na kushuka.

Iringa ilipata zamu yake 2019. Lipuli, chini ya Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, walifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kukutana na Yanga kwenye Uwanja wa Samora. Walishinda 2-0, kwa mabao ya Daruweshi Saliboko na Paul Nonga. Ndiyo, Nonga yuleyule: Mbeya, Mwadui, Yanga, na sasa Iringa, akimfunga mwajiri wake wa zamani kwenye hewa aliyoizoea. Kwenye fainali iliyochezwa Ilulu, Lindi, Lipuli walizuia vizuri na kushindwa kumalizia. Obrey Chirwa akaifungia Azam bao pekee. Mwaka mmoja baadaye Wanapaluhengo, kama Lipuli wanavyoitwa, walikuwa wameshuka daraja.

Kisha ikaja njia ya tatu, ya fedha. Ihefu ya Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya Ubaruku, ilikusanya wachezaji waliokwisha kupikwa kwingine. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi bila kupoteza. Taifa zima lilizungumza. Ila waliofunga walikuwa Never Tigere, kiungo wa Zimbabwe, kwa faulo, na beki Lenny Kissu. Ihefu walikuwa na timu iliyoshindana, bila safu ya mbele ambayo mtu wa Mbarali angeiita yetu. Fedha ilipopata mahali pengine pa kukaa, klabu ilihamia Singida, na tangu 2024 inaitwa Singida Black Stars. Watu wa Ubaruku walibaki na uwanja.

KenGold ya Chunya, wilaya ya dhahabu, ilipanda msimu wa 2024/25. Mambo yalipoharibika ilimsajili dirisha dogo Bernard Morrison, Mghana aliyewahi kuchezea Simba na Yanga, ili aje kuokoa jahazi. Jahazi lilizama msimu huohuo. Mshambuliaji mmoja mwenye jina hawezi kufanya Januari kazi ambayo wenzake wanne walipaswa kuifanya pamoja kwa miaka mitatu.

Ukiviweka pamoja visa hivi, dai kwamba mikoani hakuna mastraika linakosa mashiko. Tukuyu 1986, Mbeya City 2014 na Lipuli 2019 wote walifunga na kutisha kwa washambuliaji waliokaa pamoja, na Tukuyu na Mbeya City walidhoofika safu ilipotawanyika. Kinachopungua ni muda, na muda kwenye mpira unanunuliwa kwa karatasi: mikataba mirefu kwa vijana kabla hawajajulikana, na kifungu kinachoipa klabu ya kwanza asilimia ya mauzo ya baadaye.

Mbeya City walirudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Madiwani wa jiji, kabla hamjapiga kura juu ya bajeti ya timu, ombeni muonyeshwe mikataba ya washambuliaji walio chini ya miaka 20. Kama hakuna hata mmoja wenye kifungu hicho, kiandikeni kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa.