Maporomoko ya Karura
Maporomoko ya Karura ni maporomoko ya maji yanayopatikana ndani ya Msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, nchini Kenya. Yana kimo cha mita 15 hivi. Maji yake ni ya mto Karura, mmojawapo wa vijito vya mto Nairobi.

Si maporomoko makubwa. Umaarufu wake unatokana na kuwa ndani ya jiji kuu, mahali ambapo hata mtoto au mzee anaweza kufika kwa miguu.

Njia
Wageni huingia msituni kupitia malango ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, baada ya kulipa kiingilio. Njia ni za udongo, pana na zisizo na vilima vikali. Makutano yake yamewekewa vibao vyenye namba, hivyo ni vigumu kupotea kwa mtu mwenye ramani. Sehemu yenye mteremko ni ile ya mwisho, ambapo ngazi hushuka hadi mtoni. Wakati wa mvua za masika ngazi hizo huteleza, lakini ndipo maji huanguka kwa wingi zaidi. Maji ya mto hayafai kunywewa, kwa kuwa yamepita katika makazi ya watu kabla ya kuingia msituni.

Karibu na maporomoko kuna mapango ambayo husemekana yalitumiwa na wapiganaji wa Mau Mau kujificha katika miaka ya 1950. Njiani huonekana kima, na pengine pongo au funo kwa mtu anayetembea kimya. Mbega weusi na weupe walirudishwa msituni katika miaka ya 2010 kutoka eneo la Kipipiri, Kaunti ya Nyandarua.

Historia
Msitu wa Karura ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1932. Una eneo la hekta 1,000 hivi. Sehemu yake kubwa ilipandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, ambayo siku hizi inaondolewa hatua kwa hatua ili kupisha miti ya asili kama muhugu.

Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa watu binafsi kwa ajili ya ujenzi wa nyumba. Wangari Maathai na Harakati ya Ukanda wa Kijani walipinga ugawaji huo. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda mche langoni mwa msitu, wakiandamana na wabunge wa upinzani na waandishi wa habari, wakashambuliwa na kundi la wanaume. Maathai alijeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana mwezi huohuo. Mnamo Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004.

Hata baada ya hapo wakazi wengi wa Nairobi waliendelea kuuogopa msitu kwa sababu ya majambazi. Hali ilibadilika baada ya uzio wa umeme kujengwa na walinzi kuwekwa, kwa ushirikiano wa Huduma ya Misitu ya Kenya na chama cha wananchi kiitwacho Marafiki wa Msitu wa Karura. Tangu wakati huo familia, wakimbiaji na waendesha baiskeli huja kila wiki, na njia ya maporomoko ni mojawapo ya zile zinazopitiwa zaidi.