Kabari, Muchomo na Waragi: Kiswahili Kilivyoingia Mbarara na Nakivale kwa Mlango wa Baa

Tunapowafundisha wanafunzi wetu historia ya Kiswahili nchini Uganda, huwa tunapita njia zile zile: wafanyabiashara wa pwani, wamisionari, jeshi la kikoloni, agizo la Idi Amin la mwaka 1973, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Ni njia za kweli, na mtihani huziuliza. Lakini pako mahali pengine ambapo Kiswahili kiliketi, kikaagiza kinywaji na kipande cha nyama, kisha hakikuondoka. Makala haya yanahusu mahali hapo: vilabu vya tonto, baa ndogo za mitaani na majiko ya nyama ya vijiti katika Mbarara, pamoja na ndugu zake wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wilaya ya Isingiro, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kutoka Mbarara.

Tuanze na kinywaji chenyewe. Mkulima wa Ankole hazichanganyi ndizi za kupika na ndizi za pombe. Hizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa, humenywa, hutiwa katika mtumbwi wa mti na kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji yake. Maji hayo huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa, na baada ya usiku mmoja au miwili yanakuwa tonto. Waganda, majirani zetu, huiita mwenge bigere, yaani pombe ya miguu, jina ambalo halifichi kitu. Ipo pia enturire, ya mtama na asali, na upo obushera, uji uliochachushwa ambao hata mtoto hupewa.

Jambo la kuzingatia kwa mwanahistoria ni kwamba tonto haikai. Siku chache tu na imekuwa chachu isiyonyweka. Kwa hiyo haikuweza kusafirishwa mbali wala kuwekwa ghalani. Ililazimu inywewe pale pale ilipotengenezwa, na majirani wa aliyeitengeneza. Baa ya mtaani katika sehemu hizi ilizaliwa na tabia hiyo ya ndizi kabla haijazaliwa na leseni ya serikali. Kwanza ulikuwa ua wa mtu, na vibuyu na mirija vikipitishwa mkono kwa mkono; malipo yalikuwa kazi ya shambani au heshima kwa mkubwa. Fedha ilikuja baadaye.

Je, tonto ni pombe au ni divai? Swali hili si la mchezo. Speke, aliyekaa kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, si mbali na mpaka wa Isingiro ya leo, aliita kinywaji cha ndizi mara pombe, kwa Kiswahili cha wapagazi wake, mara divai ya ndizi, kwa lugha yake. Kwa kuwa ni maji ya tunda yaliyochacha, hakukosea. Kwa kuwa humo mna mtama, pombe nayo haikukosea. Kiswahili kilikwisha pata mvinyo kwa Wareno na baadaye kikapata divai kwa Kifaransa cha mapadri, lakini majina hayo mawili yalibaki mezani pa wakubwa na altareni. Neno pombe lilibeba vyote vingine, nalo ndilo lililopanda bara pamoja na misafara.

Mji wa Mbarara ulianza kama kituo cha Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na Mkataba wa Ankole ulitiwa sahihi mwaka 1901. Kituo kilivuta watu wasio na ua wa jirani wa kwenda kunywa: askari, makarani wa Kiganda, wapagazi, wenye maduka wa Kihindi. Watu hawa walihitaji mahali pa kukaa jioni na lugha ya kukaa nayo. Ndipo vilabu vilipoota. Maneno ya meza ambayo leo Mnyankore au Mganda huyaona kuwa yake tangu enzi ni ya njia hiyo hiyo ya biashara na kambi: meza, sahani, kijiko, duka. Mganda husema essowaani bila kufikiri kwamba anasema sahani, na sahani nayo kabla ya kufika kwetu ilikwisha pitia Uarabuni.

Waliochangia zaidi ya wengine, na ambao vitabu vyetu vya kufundishia huwapitia haraka, ni Wanubi. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliobaki katika jeshi la Emin Pasha, na wao na familia zao wakasambaa katika vituo vya jeshi vya Uganda. Walikuja na ujuzi wa kukeneka. Kinywaji chao kikali kilijulikana Uganda na Kenya kama jini ya Wanubi. Kuhusu jina waragi, maelezo yanayopendwa ni kwamba linatokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Huenda. Mimi, kwa upande wangu, nikikumbuka kwamba Kiswahili kina neno la kale araki, kutoka Kiarabu, na kwamba Wanubi nao husema Kiarabu cha kambini, sioni haja ya kwenda kutafuta vita. Etimolojia inayochekesha mara nyingi husadikiwa haraka kuliko inavyostahili.

Serikali haikuacha mapato hayo yapite. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kukeneka bila leseni, ikataka wakenekaji wauze enguli yao kiwandani, ambako ilisafishwa na kutiwa katika chupa kwa jina la Uganda Waragi. Enguli ikabaki jina la ile isiyo na chupa, na waragi likawa jina la heshima, ingawa vijijini watu waliendelea kuita yote waragi na kuendelea kukeneka.

Sasa tugeukie sahani. Neno muchomo hulisikia kila msafiri wa Uganda, iwe Namawojjolo katika barabara ya Jinja, iwe Lukaya katika barabara ya kuja Mbarara: wachuuzi huyakimbilia mabasi wakiwa wameshika nyama na kuku katika vijiti. Katika Kiswahili sanifu mchomo ni tendo la kuchoma, au maumivu ya kitu kinachochoma. Uganda imelihamisha neno kutoka tendo hadi kitu kinacholiwa. Mtu hula muchomo, hununua muchomo. Nairobi wao walifanya vingine, wakaacha nyama itangulie: nyama choma. Pwani wana mishikaki. Ni moto mmoja, lakini kila eneo lilichukua Kiswahili kwa mkono wake, na Uganda ilikichukua barabarani. Barabara yenyewe ndiyo ileile ya malori ya Mombasa yanayokwenda Kigali, Bujumbura na Goma. Dereva anayelala Mbarara hawezi kujifunza Kinyankore kwa usiku mmoja, na mchoma nyama anayetaka fedha yake hamsubiri ajifunze.

Mwongo wa 1970 ulikiongezea Kiswahili cha baa maneno ambayo hayakutamkwa kwa furaha. Septemba 1972 wapiganaji waliomuunga mkono Obote walivuka kutoka Tanzania na kuishambulia Mbarara, wakashindwa. Kulipiza kisasi kukafuata. Mwaka huohuo Waasia walifukuzwa, maduka yakafungwa, bia ya chupa ikawa kitu cha kutafutwa. Kilichochukua nafasi ya maduka kiliitwa magendo, neno la Kiswahili lililokuja kuwa jina la uchumi mzima wa Uganda. Mwezi Februari 1979 jeshi la Tanzania liliiteka Mbarara, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Waganda waliwaita askari hao bakombozi: neno letu wakombozi lililovalishwa kiambishi cha Kiganda. Katika vilabu vilivyosalia, mteja mwenye bunduki aliagiza kwa Kiswahili, na wenye vilabu walijifunza kuelewa upesi. Tusishangae basi kwamba wazazi wengi wa eneo hili, hadi leo, wakisikia mwana wao ataka kusoma Kiswahili, huuliza kama anakwenda jeshini au baa. Chuki hiyo haikutungwa, ina tarehe.

Nakivale ina historia nyingine. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Baada ya 1994 wengi wa hao wa kwanza walirudi kwao na wengine wakaingia. Vita vya Kongo vya 1996 na 1998 na misukosuko iliyofuata vilileta Wakongo, ambao leo ndio wengi. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na mwaka 2015 Warundi kwa wingi. Kila kundi lilikuja na kinywaji chake. Warundi na Wanyarwanda wana urwagwa, ambayo ni binamu wa tonto. Wakongo wa Kivu wana kasiksi, binamu wa hao wawili. Mnyankore wa Isingiro akionjeshwa zote tatu hatahitaji mkalimani.

Kwao mahali pa kunywea ni akabari, au kabari kwa kinywa cha Kiswahili: baa iliyotiwa kiambishi cha udogo, wingi wake utubari. Wakongo, kwa upande wao, walikuja wakilifahamu neno nganda. Katika Kilingala nganda ilikuwa kambi ya wavuvi kandokando ya mto. Kinshasa ikawa baa ndogo ya mtaani ambamo mwenyeji, mara nyingi mwanamke, hupika samaki na kuwauzia wateja pamoja na bia. Mwanamke huyo ndiye nguzo ya habari hii yote. Mkimbizi asiye na mtaji ana mikono, sufuria, jirani mwenye kiu na, akibahatika, kiwanja cha mtama au mahindi. Wapo wanaolaumu kwamba nafaka inayopaswa kuliwa inatiwa katika pombe, na lawama hiyo ina uzito mahali penye njaa. Lakini ada ya shule ya watoto wengi imetoka katika pipa hilo.

Kiambishi hicho cha ka- ndicho hasa kilichonifanya niandike. Katika Kiswahili sanifu udogo hubebwa na ki- na vi-: kitoto, vitoto. Mkongo wa Bukavu au Goma husema katoto, tutoto, akifika kwenye jiko la nyama ataomba, “Mama, unipatie kanyama.” Mnyankore naye ana aka-, na hata ana otu- ya vitu vya majimaji, kwa hiyo maji kidogo ni otwizi. Mganda husema otuzzi. Mteja na mwenye jiko, wakiwa wa mataifa mawili yasiyowahi kukaa darasa moja, hukutana katika ka- bila kufundishwa na yeyote. Kule kupunguza si kwa ukubwa tu, bali ni kwa adabu pia: kanyama ni nyama ninayoiomba kwa upole, kwa fedha yangu chache, kutoka kwako wewe ninayekujua.

Si kila jioni ya Nakivale inanuka pombe. Kwa Wasomali kinachouzwa ni chai ya maziwa yenye viungo na sambusa, na kwa Waethiopia kahawa. Mbarara yenyewe, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, ina vibanda vinavyouza maziwa kwa bilauri na chapati pembeni. Mlokole na Mwislamu wana mahali pao, na lugha inayokatiza meza hizo mara nyingi ni ile ile.

Miaka ya karibuni imeyatikisa haya yote. Kiwanda cha Nile Breweries kilifunguliwa Mbarara mwaka 2013, na bia ya mtama ya chupa ikapata nguvu dhidi ya tonto. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vipakiti vya plastiki, hatua ambayo mimi naiunga mkono, kwani Shirika la Afya Duniani limekuwa likiitaja Uganda miongoni mwa nchi za Afrika zenye unywaji mkubwa. Korona ilifunga baa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Muchomo ukaendelea kuuzwa wa kubeba. Mei 2025, kwa ukosefu wa fedha, Mpango wa Chakula Duniani uliwaondolea msaada wa chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Mwenye jiko dogo la Nakivale hategemei watalii. Anategemea jirani aliyebakiwa na shilingi kidogo mwisho wa mwezi.

Wakati huohuo Baraza la Mawaziri, Julai 2022, liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto waliokulia kando ya majiko ya Nakivale wamo madarasani mwetu, na wengine wanasomea ualimu. Mmoja akiandika katika insha, “tulinunua kanyama na tuviazi,” tunakata kwa wino mwekundu mara mbili na kumpa alama chini ya mwenzake ambaye hajawahi kununua chochote kwa Kiswahili. Kipindi kinachofuata, katika somo la ngeli, tunamfundisha huyo huyo kwamba lugha za Kibantu zina ngeli ya 12, ka-, na ya 13, tu-, kisha tunatafuta mifano kwenye kitabu.