Si kila tiba ya dawa nyingi ni mseto

Ukiingia duka la dawa lolote la Arusha, kati ya Kilombero na Ngaramtoni, ukaomba "mseto", muuzaji hakuulizi mseto wa nini. Anakupa ALu, dawa ya malaria, vidonge 24 vya siku tatu kwa mtu mzima, vinne asubuhi na vinne jioni. Jina hilo lilikita mizizi baada ya Tanzania kuanza kuiacha SP, dawa ya malaria iliyoitangulia, mwaka 2006, na Arusha ina cha kujivunia hapo: miaka ileile wakulima wa huku walikuwa wakilima artemisia, mmea unaotoa malighafi ya nusu moja ya dawa hiyo.

Neno hilohilo limepanda hadi wodi za saratani. "Tiba mseto" ndiyo tafsiri inayotujia haraka tunapotaja matibabu ya saratani ya matiti yanayounganisha dawa mbili tatu, au dawa na upasuaji, au vyote hivyo pamoja na mionzi. Ni tafsiri fupi, ya Kiswahili safi, na msikilizaji haulizi mara mbili. Tatizo ni kwamba huyo asiyeuliza mara mbili huenda ameelewa kitu kingine kabisa.

Mseto wa jikoni ni mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja hadi vikapondekana. Kuseta ni kuponda. Kilimo mseto, kama kinavyoonekana kwenye miteremko ya Meru, ni kahawa chini ya migomba na miti ya kivuli juu ya yote. Serikali ya mseto, kama ile ya Kenya ya mwaka 2008, ni mahasimu wanaokaa baraza moja la mawaziri. Popote neno linapotumika, wazo lake ni vitu kuwa pamoja kwa wakati mmoja. Kwa ALu linakaa sawasawa: kila kidonge kina artemetha, inayoshambulia vimelea kwa kasi na kutoweka mwilini ndani ya saa chache, na lumefantrini, inayobaki siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Kwa saratani ya matiti linakaa nusu tu.

Tuanze na nusu inayokaa. Sababu ya kuchanganya dawa za saratani inafanana na ile ya kifua kikuu, ugonjwa ambao watu wa Arusha na Kilimanjaro wameufahamu kupitia hospitali ya Kibong'oto tangu 1926. Mgonjwa wa TB hupewa dawa nne kwa miezi miwili, siku hizi zikiwa ndani ya kidonge kimoja, kisha mbili kwa miezi minne. Dawa moja haitoshi kwa kuwa bakteria sugu kwa dawa hiyo huenda yumo mwilini tayari, kabla hata dozi haijaanza. Tuseme bakteria mmoja katika kila milioni hasikii dawa ya kwanza, na mmoja katika kila milioni hasikii ya pili; wa kuzishinda zote mbili ni mmoja katika milioni mara milioni. Uvimbe wa sentimita moja hukadiriwa kuwa na seli zipatazo bilioni moja, kwa hiyo hesabu hiyo inauhusu pia.

Saratani ina sababu yake nyingine. Kila dawa ya kemo ina kiungo inachokiumiza zaidi: doksorubisini moyo, paklitakseli neva za vidole, siklofosfamaidi kibofu. Ukiziunganisha, unaupiga uvimbe kutoka pande kadhaa bila kukitwisha kiungo kimoja mzigo wote.

Fikra hii haikuletwa kwetu ikiwa imekamilika. Mwaka 1967, hospitali ya Mulago mjini Kampala ilifungua kituo cha limfoma ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo John Ziegler na wenzake walilinganisha dawa moja na dawa kadhaa kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, na mwaka 1972 Ziegler na Burkitt, daktari ambaye limfoma hiyo ina jina lake, walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi ya aina hiyo. Kwa saratani ya matiti jina kubwa ni Gianni Bonadonna wa Milan. Mwaka 1976 alichapisha matokeo ya wanawake 386 waliokuwa wamepasuliwa, saratani ikiwa imeshafika kwenye tezi za kwapa. Baadhi walipewa dawa tatu kwa pamoja, siklofosfamaidi, methotreksati na fluorourasili, zinazofupishwa kwa herufi CMF. Miezi 27 baadaye, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 ya waliopasuliwa tu, na kwa asilimia 5.3 ya waliopata CMF. Hiyo ni dawa mseto, bila ubishi.

Lakini ni Bonadonna huyohuyo aliyeonyesha kuwa mseto peke yake hauelezi kitu. Mwaka 1995, yeye na wenzake walitoa matokeo ya miaka 10 ya wanawake wapatao 400, wote wakiwa na tezi zaidi ya tatu zilizoshambuliwa. Kila mmoja alipangiwa mizunguko minne ya doksorubisini na minane ya CMF. Kundi la kwanza lilimaliza mizunguko yote minne ya doksorubisini, ndipo likaanza CMF. Kundi la pili lilichanganya: CMF miwili, doksorubisini mmoja, CMF miwili tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Baada ya miaka 10, asilimia 58 ya kundi la kwanza walikuwa hai. Katika kundi la pili, asilimia 44.

Dawa zilezile, idadi ileile ya mizunguko, na pengo la asilimia 14 za uhai. Ukiambiwa kwamba wote hao walipata "tiba mseto", umeambiwa kila kitu isipokuwa kile kilichowatofautisha.

Tena kuna dawa ambazo hazitakiwi kukutana kabisa. Trastuzumabu, inayolenga saratani zenye kipokezi cha HER2 kwa wingi, ilipotolewa sambamba na doksorubisini na siklofosfamaidi katika utafiti uliochapishwa 2001, asilimia 27 ya wagonjwa walipata matatizo ya moyo, wakati waliopata hizo mbili bila trastuzumabu walikuwa asilimia 8. Tangu hapo desturi ni kumaliza doksorubisini kwanza. Tamoksifeni nayo, kidonge cha homoni, iliwahi kutolewa siku zilezile za kemo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009 ulielekea kuonyesha kwamba ni afadhali isubiri kemo iishe.

Fungua faili la mgonjwa uone matibabu haya yanavyoandikwa. Mpango wa miaka kadhaa unaweza kukaa kwenye mstari mmoja: AC × 4, T × 4, upasuaji, mionzi, tamoksifeni. A ni doksorubisini, ambayo zamani iliitwa Adriamycin, na C ni siklofosfamaidi. Hizi mbili huingia siku moja kwenye mshipa mmoja. A ni nyekundu kali. Muuguzi huisukuma taratibu kwa bomba la sindano macho yakiwa kwenye mshipa, maana ikivuja nje inaunguza nyama. Mkojo wa siku hiyo hutoka mwekundu, na asiyeonywa mapema hudhani anakojoa damu. Alama ya × 4 ni mizunguko minne, mmoja kila baada ya siku 21. Siku hizo 21 zina sababu: chembe nyeupe za damu hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, kisha hupanda tena. Ndiyo maana mgonjwa hutolewa damu kabla ya kila mzunguko, na chembe zikiwa bado chini, dripu inaahirishwa hata kama amesafiri usiku kucha. T ni paklitakseli, inayotoka asili yake kwenye magome ya mti wa Marekani, nayo huanza A na C zikishamaliza zamu. Upasuaji husubiri damu irudi. Mionzi husubiri kidonda kipone. Tamoksifeni, miligramu 20 kila siku, ni kwa wale tu ambao kipimo cha kinyama kimeonyesha vipokezi vya homoni, na ni ya miaka mitano au zaidi: vidonge visivyopungua 1,800.

Katika mstari wote huo, mseto ni herufi mbili, A na C. Koma zote ni kusubiri. Na mstari wenyewe hubadilika: aliyewahi mapema anaweza kuanza na kisu, ila wengi nchini hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, kwa hiyo kemo hutangulia ili uvimbe unywee kwanza.

Kwa mtu wa Arusha, kusubiri huko kuna nauli. Uvimbe unaweza kugunduliwa katika hospitali za hapa, Mount Meru au ALMC. Kemo huenda ikawa hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita kama 80, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa 2016. Mionzi ya saratani kwa miaka mingi ilipatikana Ocean Road tu, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600, kabla ya Bugando ya Mwanza nayo kuanza.  

Hapa ndipo jina la tiba linapoanza kuwa na madhara. Mama aliyezoea mseto wa malaria anatarajia pakiti yenye mwanzo na mwisho. Titi limeondolewa, kidonda kimekauka, ndugu wamekuja kumshukuru Mungu pamoja naye. Mazungumzo ya kliniki kama haya si magumu kuyawazia:

"Mama, bado mionzi."

"Mionzi tena, mwanangu? Si mlisema natibiwa mseto, na mseto nimeshapewa?"

Hajakosea Kiswahili. Tuliompa neno ndio tulioukata muda wake.

Nini kiwekwe badala yake? "Tiba unganishi" imewahi kupendekezwa kwangu na mwalimu mmoja wa Kiswahili, lakini kuunganisha nako hakusemi nani atangulie. "Tiba ya awamu" ingefaa sana kama si masikio ya Mtanzania, ambaye akisikia awamu anahesabu marais. "Tiba ya mfululizo" inaashiria kitu kisichokatika, wakati hapa mapumziko ni sehemu ya dozi. Mimi napendelea "tiba ya kupokezana". Mbio za kupokezana vijiti kila aliyesoma shule ya msingi anazijua: mkimbiaji wa pili hawezi kuendelea bila kupokea kijiti kutoka kwa wa kwanza, na timu nzuri hushindwa mara nyingi pale kijiti kinapodondoka kati ya mikono miwili. Mgonjwa naye anaweza kuiachia tiba hapohapo, kati ya kliniki moja na nyingine. Wanaotaka ufupi wanaweza kusema "tiba pokezani"; sina ugomvi nao, na BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, ina haki ya kuikata zaidi. Ndani yake tungekuwa na "tiba tangulizi" kwa kemo inayokuja kabla ya kisu, na "tiba fuatizi" kwa inayokuja baada yake, majina mawili ambayo hata asiyejua tiba anaweza kukisia lipi linakwenda wapi.

Jina peke yake haliponyi mtu. Lingesaidia tu kama karatasi ya kuruhusiwa nayo ingeandikwa kwa namna hiyo: kilichofanyika, kinachofuata, wapi, na baada ya wiki ngapi. Maneno "endelea na tiba mseto" kwenye karatasi hiyo hayamwelekezi mtu kwenye basi lolote.

"Mseto" nao usifukuzwe wodini. Saratani ya shingo ya kizazi hutibiwa kwa mionzi huku sisplatini ikitolewa mara moja kwa wiki ndani ya majuma yaleyale, kwa sababu dawa hiyo huzifanya seli zizidi kudhurika na mionzi. Ukivitenganisha umepoteza faida. Huo ni mseto wa dawa na mionzi, tena wa haki. Kwa saratani ya matiti, mwaka 2020 Marekani iliidhinisha sindano moja yenye trastuzumabu na pertuzumabu ndani ya chupa moja, inayochomwa chini ya ngozi ya paja kwa dakika nane mara ya kwanza na dakika tano mara zinazofuata. Ni mseto kwa maana ya ALu hasa. Na hata huo, kwa mgonjwa aliyepangiwa doksorubisini, husubiri mizunguko ya doksorubisini imalizike.