Mashini Zinazotambua Sura: Nani Azipime?

Wengi wadhani kwamba mashini haina upendeleo, kwani haina moyo wala kabila. Mambo ya mwaka 2018 yatufundisha kuangalia vizuri zaidi.

Mwaka ule Joy Buolamwini, mtoto wa wazazi Waghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, wote wawili wakifanya kazi Marekani, walijaribu akili bandia za Microsoft, IBM na Face++. Walikusanya sura 1,270 za wabunge: wa Rwanda, Senegal na Afrika ya Kusini, tena wa inchi tatu za kaskazini ya Ulaya. Mashini zilipaswa kujibu neno moja tu: sura hii ni ya mwanaume ama ya mwanamke?

Kwa jumla zilijibu vema karibu mara 9 katika 10. Mnunuzi angaliridhika. Lakini wale wawili waligawanya hesabu. Kwa wanaume weupe makosa hayakupita 0.8 kwa mia. Kwa wanawake weusi yalifika 34.7 kwa mia. Jumla nzuri ilifunika kosa kubwa.

Walitangaza hesabu pamoja na majina ya kompanyi. Mwaka 2019 Buolamwini na Inioluwa Deborah Raji walitangaza kipimo cha pili. Makosa ya Microsoft juu ya wanawake weusi yalikuwa yameshuka toka 20.8 mpaka 1.5 kwa mia. Lakini Amazon, ambayo haikupimwa mara ya kwanza, ilikosa mara 31 katika mia. Aliyepimwa mbele ya watu alijirekebisha.

Jambo hili si la wenye elimu peke yao. Mwezi wa kwanza wa 2020 polisi wa Detroit walimfunga mtu mweusi asiye na kosa, kwani mashini ilifananisha sura yake na ya mwizi. Mwezi uliofuata, huko Roma, Microsoft na IBM zilitia sahihi, pamoja na Chuo cha Kipapa cha Uhai, mapatano ya kutaka akili bandia ieleweke, na pawe na mtu wa kuijibia.

Sahihi ni njema, lakini haitoshi bila kipimo. Basi, inchi yetu ikiletewa mashini ya namna hiyo, tuulize: Nani aliyeipima, asiyelipwa na muuzaji? Aliipima juu ya watu gani? Hesabu zake zasomwa wapi? Pasipo jibu, tusimhukumu mtu kwa neno la mashini.